Jinsi ya kuweka betri na paneli za jua nyumbani kukabili kupotea kwa stima Soweto East

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu kote nchini Kenya. Katika baadhi ya maeneo giza lilidumu kwa zaidi ya saa 12, na hata Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi uliathirika baada ya jenereta za baadhi ya sehemu zake kukosa kuwaka. Hitilafu nyingine kubwa zilifuata Novemba 11 na Desemba 10 mwaka huo, kisha Mei 2, Septemba 6 na Desemba 18, 2024.

Kwa wakazi wa Soweto East, mojawapo ya vijiji vya mtaa wa Kibera, na wenzao wa Kawangware, matukio hayo ya kitaifa yalikuwa nyongeza tu. Huko transfoma hulemewa, waya hukatika na stima hupotea hata siku ambazo jiji lote linang'aa. Kinyozi hulazimika kumrudisha mteja aliyenyolewa nusu kichwa, mwanafunzi hufunga kitabu, naye mwenye kibanda cha kuchaji simu hupoteza mapato ya siku nzima.

Ndiyo sababu wengi wameanza kutafuta mtambo wa akiba ya umeme, yaani betri inayochajiwa na jua, au kwa stima ya kawaida inapokuwepo, ili itumike wakati wa giza. Mtambo huo unaweza kutosheleza nyumba ya chumba kimoja bila gharama ya kupindukia. Lakini aghalabu wanaonunua huanza na paneli, ilhali jambo la kwanza ni hesabu ya matumizi, na la pili ni betri. Anayekosea hapo hurudi gizani akiwa na deni.

MTAA NA STIMA YAKE

Soweto East ndicho kijiji kilichoteuliwa kuwa cha kwanza Kibera kunufaika na Mpango wa Kuboresha Mitaa ya Mabanda nchini (KENSUP), uliozinduliwa mwaka wa 2004 na serikali ya Kenya kwa ushirikiano na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat. Kijiji kiligawanywa katika kanda nne. Mnamo Septemba 2009 wakazi wa Kanda A walianza kuhamishiwa nyumba za muda eneo la Lang'ata ili kupisha ujenzi, na mwaka wa 2016 nyumba mpya 822 zikakabidhiwa.

Kwa hivyo katika eneo hilo zipo nyumba za aina mbili, na kila moja ina shida yake kuhusu kawi ya jua. Katika ghorofa, kila familia ina mita ya tokeni, lakini paa ni la watu wote. Katika nyumba za udongo na mabati, ambazo nyingi ni chumba kimoja cha kukodi, paa ni la landilodi, kuta ni dhaifu na stima mara nyingi hutoka kwa wasambazaji wasio na kibali. Stima hiyo, ambayo wakazi huiita sambaza, hupitishwa kwa nyaya nyembamba zilizoungwa ovyo, bila fyuzi wala waya wa ardhini. Volti zake hupanda na kushuka, jambo linaloharibu televisheni na chaja, na cheche zake zimewahi kuanzisha mioto. Hali si tofauti sana katika ploti za mabati za Kawangware, kama zile za Gatina na Congo.

Stima ikipotea, mwenye nyumba asiye na akiba hurejea kwa mshumaa au koroboi ya mafuta taa. Katika vyumba vilivyobanana, ambavyo kuta zake zina magazeti, maboksi na mapazia, mwali mmoja unatosha kuteketeza mlolongo mzima wa nyumba. Taa ya betri kwa hivyo ni kinga ya uhai na mali kabla ya kuwa starehe.

KAWI YA JUA SI NGENI KENYA

Biashara ya paneli ndogo za nyumbani nchini ilianza kushika kasi miaka ya themanini katika maeneo ya Meru. Mwaka wa 1984, Mmarekani Harold Burris, akishirikiana na mwalimu Mark Hankins, alisaidia kuweka mtambo wa jua katika Shule ya Upili ya Karamugi Harambee na kuwafunza mafundi wa eneo hilo. Mafundi hao walieneza ujuzi vijijini, na wakulima wa kahawa na chai wakawa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo. Wengi walikuwa tayari wakitumia betri za magari kuendesha televisheni, wakizibeba hadi sokoni kuzichaji. Paneli iliwaondolea safari hiyo.

Hatua iliyofuata ililetwa na simu. Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa mwaka wa 2007, na mwaka wa 2012 kampuni ya M-KOPA ikaanza kuuza mitambo midogo ya jua ambayo mteja alilipia kidogo kidogo kila siku kwa simu. Mfumo huo wa lipa pole pole uliziwezesha familia zisizo na fedha za mkupuo kumiliki taa, redio na chaja ya simu.

Tofauti ni kwamba mitambo hiyo ilibuniwa kwa vijiji visivyo na stima kabisa. Mkazi wa Soweto East yuko mahali stima ipo, ila haitegemeki. Anachohitaji ni daraja la kumvusha saa chache au siku moja, na daraja hilo lina vipimo vyake.

SEHEMU TANO ZA MTAMBO

Mtambo kamili wa akiba huwa na sehemu tano. Ya kwanza ni paneli, inayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Ya pili ni kidhibiti cha kuchaji, ambacho mafundi hukiita kontrola. Kazi yake ni kuzuia betri isijae kupita kiasi na isinyonywe hadi kuisha. Ya tatu ni betri yenyewe. Ya nne ni inveta, inayogeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa volti 240 kama wa soketi za ukutani. Ya tano ni nyaya, fyuzi na swichi, ambazo wengi huzidharau ingawa ndizo huamua kama mtambo ni salama.

Si kila nyumba inahitaji sehemu zote. Taa za volti 12, redio, chaja za simu, ruta ya intaneti na hata televisheni ndogo za kisasa zinaweza kutumia umeme wa betri moja kwa moja bila inveta. Hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa inveta yenyewe hula umeme. Inveta inayokula wati 10 ikiachwa imewashwa mchana na usiku humaliza wati-saa 240 bila kuendesha kifaa chochote. Anayeihitaji kwa kifaa kimoja tu aizime kila anapomaliza.

HESABU KABLA YA KUNUNUA

Kipimo cha matumizi ni wati-saa, yaani wati za kifaa zikizidishwa kwa saa kinazotumika. Ifuatayo ni hesabu ya mfano ya familia moja kwa siku:

- Taa 4 za LED za wati 5, saa 5: wati-saa 100
- Simu 4, kila moja wati-saa 15: wati-saa 60
- Redio ya wati 5, saa 6: wati-saa 30
- Televisheni ndogo ya wati 20, saa 4: wati-saa 80
- Ruta ya intaneti ya wati 10, saa 10: wati-saa 100

Jumla ni wati-saa 370 kwa siku. Sasa linganisha na pasi ya wati 1,000. Ikitumika nusu saa pekee humeza wati-saa 500, yaani zaidi ya mahitaji yote ya familia hiyo kwa siku nzima. Jiko la koili, birika la stima na hita ya maji ni vivyo hivyo. Vifaa vinavyotoa joto si vya betri ndogo, na muuzaji anayedai kwamba mtambo wake wa bei nafuu utaendesha kila kitu anamhadaa mteja.

Hesabu hiyo hiyo huwafaa wafanyabiashara. Mashine ya kunyolea ya wati 15 ikifanya kazi saa 8 mfululizo hutumia wati-saa 120, na kwa hivyo kinyozi anaweza kuhimili siku nzima ya giza kwa betri ya kadiri. Lakini mwenye saluni anayetumia mashine ya kukaushia nywele ya wati 1,000 na zaidi hawezi kutarajia hivyo. Yeye hana budi kutenga taa na chaja ziwe za betri, na kazi ya kukausha isubiri stima.

Friji nayo inahitaji tahadhari. Hata ikiwa ndogo, mota yake hudai umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida pale inapowaka, na inveta dhaifu hujizima au kuungua. Stima ikipotea kwa saa chache, njia rahisi ni kuiacha friji ikiwa imefungwa, kwa maana baridi iliyomo haitoki upesi mlango usipofunguliwa.

BETRI NDIYO MOYO WA MTAMBO

Betri za nyumbani zinazopatikana kwa wingi ni za aina mbili: za risasi na asidi, na za lithiamu. Uwezo wake hutajwa kwa ampea-saa. Ukizidisha ampea-saa kwa volti unapata wati-saa. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 100 kwa hivyo ina wati-saa 1,200.

Hata hivyo, betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Ikinyonywe hadi mwisho mara kwa mara, vibati vyake vya ndani huharibika na uwezo wake hupungua upesi. Hivyo ile yenye wati-saa 1,200 hutoa 600 za kutumika. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma huvumilia kutumiwa asilimia 80 au zaidi. Ile ya volti 12.8 na ampea-saa 50 ina wati-saa 640, na hutoa takriban 510. Kwa maneno mengine, betri ya lithiamu ya ampea-saa 50 hukaribia kufanya kazi ya betri ya risasi ya ampea-saa 100, tena ikiwa nyepesi mno.

Umri pia hutofautiana. Betri ya risasi ya kutumika kwa kina, ikitunzwa vyema, huhimili kuchajiwa na kutumiwa mara mia kadhaa. Ya lithiamu huhimili mara elfu mbili na zaidi. Bei ya lithiamu ni ya juu siku ya kununua, lakini mnunuzi mwerevu hugawanya bei kwa idadi ya miaka ya matumizi. Wahenga walisema rahisi ghali.

Kosa linalowagharimu wengi ni kununua betri ya gari. Betri hiyo imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha kuchajiwa papo hapo. Ikitumiwa kuendesha televisheni kila usiku, huenda isimalize mwaka.

Kwa familia ya wati-saa 370, betri ya risasi ya ampea-saa 100 au ya lithiamu ya ampea-saa 50 inatosha kwa siku moja na kubakisha kidogo. Anayetaka akiba ya siku mbili azidishe mara mbili, au apunguze matumizi. Mara nyingi kupunguza ndiko nafuu.

PANELI NA PAA

Nairobi hupata jua la kutosha, lakini halilingani mwaka mzima. Kati ya Juni na Agosti mawingu hutanda, na mtambo unafaa kupimwa kwa miezi hiyo wala si kwa jua kali la Januari na Februari. Ukichukulia saa 4 za jua kamili kwa siku, na ukiondoa asilimia 30 inayopotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri, paneli ya wati 150 huzalisha takriban wati-saa 420. Hiyo inatosheleza familia ya mfano. Paneli ya wati 100 ingezalisha 280, na betri ingezidi kudhoofika siku baada ya siku.

Mwelekeo pia una maana. Vitabu vingi vya kigeni huagiza paneli ielekezwe kusini, kwa sababu viliandikwa kwa nchi za kaskazini mwa dunia. Nairobi iko kusini kidogo mwa Ikweta, na katika miezi ya baridi jua hupita upande wa kaskazini. Kwa hivyo paneli ielekezwe kaskazini kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hivi. Mwinamo huo pia huwezesha mvua kuosha vumbi.

Kivuli ni adui mkubwa. Kivuli chembamba kinachofunika safu moja ya seli kinaweza kupunguza umeme wa paneli nzima kwa kiasi kikubwa. Katika mtaa uliobanana, kivuli hutoka kwa ghorofa jirani, nguzo, tangi la maji au hata nguo zilizoanikwa. Kabla ya kutoboa bati, mwenye nyumba aangalie paa saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri.

Paneli isilazwe moja kwa moja juu ya bati. Ikiachiwa nafasi ya sentimita 10 hewa hupita chini yake, na paneli isiyo na joto kali huzalisha zaidi. Mbao za paa zikaguliwe, na kila tundu lizibwe kwa mpira ili nyumba isivuje.

Wizi ni jambo la kufikiriwa mapema. Baadhi ya wakazi hufunga paneli kwa misumari ya skrubu isiyofunguka kwa urahisi, wengine hutumia paneli ndogo inayotolewa nje asubuhi na kurejeshwa jioni. Mpangaji apate pia idhini ya landilodi, ikiwezekana kwa maandishi, inayoeleza kwamba mtambo ni wake na ataondoka nao akihama. Katika ghorofa, wakazi wanaotaka kutumia paa la pamoja wakubaliane kwanza kuhusu nafasi ya kila mmoja, njia ya nyaya na mwenye kubeba ufunguo wa paa.

KUCHAJI BILA PANELI

Asiye na paa si lazima akate tamaa. Ipo inveta yenye chaja ndani yake, inayochaji betri stima inapokuwepo na kugeukia betri yenyewe stima inapopotea. Pia kuna visanduku vya betri vilivyo tayari, vyenye soketi na matundu ya kuchajia simu, ambavyo havihitaji fundi.

Udhaifu wake ni muda. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 iliyotumika nusu, ikichajiwa kwa ampea 10, huhitaji saa 5 na zaidi kujaa. Stima ikirudi kwa saa mbili kisha ikapotea tena, betri haijai. Hapo ndipo hata paneli ndogo inapokuwa msaada. Anayetumia stima yenye volti zinazoyumba aweke kifaa cha kulinda vifaa, kile wengi hukiita TV guard, kati ya soketi na chaja.

KUUNGANISHA KWA USALAMA

Betri ya volti 12 haiwezi kumrusha mtu kama stima ya ukutani, na hilo huwafanya wengi waidharau. Lakini ncha zake mbili zikigusana kwa waya au spana, hutoa mkondo mkubwa unaoyeyusha chuma na kuwasha moto. Kwa hivyo fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kabla ya kifaa chochote. Inveta ya wati 300 huvuta karibu ampea 30 kutoka kwa betri ikifanya kazi kikamilifu, na fyuzi ya ampea 40 huifaa. Waya wake uwe mnene na mfupi.

Waya wa kutoka kwenye paneli nao usiwe mwembamba. Paneli ya wati 150 hutoa takriban ampea 8. Kwa umbali wa mita 10, waya wa milimita 6 za mraba hupoteza takriban asilimia 3 ya volti, ilhali waya mwembamba wa taa hupoteza kiasi cha kuifanya betri isijae kamwe.

Utaratibu wa kuunganisha ni huu: betri huunganishwa kwanza kwenye kidhibiti, kisha paneli, kisha taa na vifaa. Wakati wa kufungua, utaratibu hugeuzwa. Kidhibiti kingi huharibika kikiunganishwa na paneli kabla ya betri.

Betri ya risasi ya kuongezwa maji hutoa gesi inayoweza kulipuka inapochajiwa, na asidi yake huunguza ngozi. Haifai kuwekwa chini ya kitanda wala karibu na jiko. Katika nyumba ya chumba kimoja, wanamolala watoto na kupikwa chakula, inafaa kutumia betri iliyozibwa au ya lithiamu yenye kidhibiti chake cha ndani, iliyoinuliwa kutoka sakafuni ili mafuriko yasiifikie.

Lipo kosa moja linaloweza kuua. Baadhi ya watu huunda waya wenye plagi pande zote mbili na kuchomeka umeme wa inveta kwenye soketi ya ukutani, ili taa zote za nyumba ziwake. Umeme huo unaweza kurudi nje hadi kwenye nyaya za mtaa. Jirani anayeunga waya wake akiamini stima imepotea, au fundi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo, huenda akapoteza maisha. Aidha, stima ikirudi ghafla inveta huungua. Anayetaka kulisha nyaya za nyumba kutoka kwa betri hana budi kuwekewa swichi ya kubadilisha chanzo, inayotenga kabisa nyumba na nyaya za nje. La sivyo, vifaa vichomekwe kwenye inveta yenyewe.

FUNDI NA BIDHAA

Kanuni za mwaka wa 2012 kuhusu mitambo ya jua zilianzisha leseni kwa mafundi, wauzaji na watengenezaji. Mafundi waliwekwa katika madaraja ya T1, T2 na T3 kulingana na ukubwa na ugumu wa mitambo wanayoruhusiwa kuweka. Usimamizi ulikuwa chini ya Tume ya Kudhibiti Kawi (ERC), ambayo kufuatia Sheria ya Kawi ya 2019 ikawa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mteja ana haki ya kumwomba fundi leseni yake kabla ya kumlipa.

Kuhusu bidhaa, maduka ya Luthuli Avenue na River Road jijini Nairobi huuza paneli na betri za kila aina, halali na bandia zikiwa pamoja. Mnunuzi atafute alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS), adai risiti na hati ya dhamana, na asikubali maneno matupu. Paneli ipimwe juani kwa mita ya fundi kabla ya kuondoka nayo. Betri ya risasi iliyo nyepesi kupita kiasi ikilinganishwa na nyingine za uwezo huo huo itiliwe shaka, kwa kuwa uzito wake ni wa risasi iliyomo.

UTUNZAJI NA MWISHO WA BETRI

Paneli ipanguswe kwa kitambaa laini na maji asubuhi au jioni, kioo kikiwa hakina joto. Vumbi la barabara na moshi wa makaa hupunguza umeme pole pole, na mwenyewe hudhani betri ndiyo mbovu. Ncha za betri zikazwe na kusafishwa. Betri ya risasi iliyotulia ikionyesha volti 12.7 imejaa, na ikionyesha volti 12.2 imebaki takriban nusu, hivyo ni wakati wa kuzima televisheni na kubakiza taa.

Betri ikifa isitupwe jalalani wala kuvunjwa nyumbani. Kisa cha kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kinatosha kuwa funzo. Kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilifunguliwa karibu na kijiji hicho mwaka wa 2007, na hadi kilipofungwa mwaka wa 2014 watoto na watu wazima walikuwa wameathiriwa na sumu ya risasi. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni dhidi ya kiwanda hicho, alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka wa 2015. Mnamo Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi wafidiwe Sh1.3 bilioni, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarejesha uamuzi huo baada ya Mahakama ya Rufaa kuutengua. Betri kuukuu ya risasi ina thamani, na wauzaji wengi huipokea mteja anaponunua mpya. Huko ndiko inakofaa kupelekwa.

Asiyeweza kumudu mtambo mzima anaweza kuanza na taa mbili na chaja ya simu, kisha aongeze kadiri anavyopata. Muhimu ni kuchagua tangu mwanzo kidhibiti na nyaya zitakazobeba nyongeza hiyo, ili asinunue mara mbili. Na awe na orodha ya vifaa na saa zake iliyobandikwa ukutani kando ya betri, kwa sababu mtambo uliopimwa kwa wati-saa 370 hauongezeki uwezo kwa kuwa jirani ameomba kuunganishiwa waya, wala kwa kuwa mechi imeingia muda wa ziada.